Mbio Nilizomficha Mume Wangu

Kuna asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Ni ile ambayo mama asistanti, mwanamke ambaye kampuni ilimtuma kuzunguka katika nyumba za wafanyakazi, aliketi nyumbani mwangu hapa Shituru, kwenye kambi ya kampuni, akaniuliza swali moja, nami nikanyamaza. Nimesema mambo mengi ya kipumbavu maishani, na mengi nimeyasahau. Lile ambalo sikulisema ndilo lililonizeesha.

Nakuambia haya kwa sababu nimesikia umeanza kukimbia. Vizuri sana. Nimesikia pia kwamba unamwambia mumeo unakwenda mazoezi ya kwaya. Hapo ndipo ninapokuomba ukae unisikilize, wewe binti wa dada yangu, hata kama maneno yangu ni machungu. Matamu yaliniishia zamani.

Nilipoolewa na Ilunga nilikuwa mwembamba. Yeye alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba. Miaka ile ya chama kimoja kampuni iligawa posho, yaani unga, mafuta, samaki na maharagwe, na watu wa kambi walimpima mwanamume kwa mwili wa mkewe. Mke akinenepa, walisema mumewe anajua kutunza. Basi nikanenepa, tena kwa furaha. Nilipopita kwenda kuchota maji, wanawake walinisifu hadi nikawa natembea polepole kwa makusudi.

Kisha mimba yangu ya pili ikaharibika. Ilikuwa presha. Sista wa dispensari, mama mkali asiyejua kubembeleza, aliniambia nipunguze uzito kabla ya kufikiria mimba nyingine. Nikimbie, ninyanyue vitu vizito mpaka mwili ukaze, na bukari, ugali wetu, nile nusu ya ile niliyozoea. Nilitoka pale nikilia, kwa sababu nilitaka mtoto wa pili kuliko kitu chochote duniani.

Nikaanza, lakini kwa kujificha. Kukimbia njiani kulikuwa mambo ya askari na vijana wa mpira. Mke wa mtu hakukimbia ila amefiwa. Suruali nayo ilikuwa marufuku kwa wanawake, kwa hiyo ilinibidi nikimbie na kikwembe changu, kitenge cha kujifunga kiunoni. Nikamwambia Ilunga nakwenda misa ya alfajiri. Nilitoka na rozari mkononi, na nikishapita nyumba ya mwisho nilikunja kikwembe hadi magotini, nikakifunga kwa nguvu, nikakimbia kando ya reli kuelekea darajani. Siku ya kwanza sikufika hata nguzo ya tatu ya umeme. Niliinama nikatapika chai yote. Baada ya miezi mitatu nilifika darajani na kurudi bila kusimama.

Kwa ajili ya mikono nilijaza simenti katika makopo mawili ya maziwa ya unga, nikachomeka bomba la chuma, kopo moja huku na jingine huku, nikaacha vikauke. Ilunga akiwa kazini, nilifunga mlango nikanyanyua chuma changu hadi mabega yatetemeke, kisha nikakirudisha nyuma ya gunia la makaa. Sitakudanganya, ule ulikuwa wakati mzuri. Usingizi ulirudi, presha ikashuka, sista mwenyewe akatabasamu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nilikuwa mwepesi, mwenye nguvu, na nilijiona mjanja kweli.

Ila nilipokonda, maneno yakaanza. Posho ya mama huyu inakwenda wapi? Wakasema Ilunga anaiuza sokoni apate ya kunywea. Ilunga, mtu wa chupa moja kila Jumapili! Niliyasikia hayo kwenye bomba la maji, nikainamisha kichwa. Na nikwambie jambo ambalo naona aibu kulisema hata leo: huruma yao ilinipendeza. Waliniachia nafasi nichote mbele yao, waliniita maskini. Niliona heri wanihurumie kuliko wanicheke.

Wakati huo Ilunga alikuwa anangoja kufanywa kapita, mkubwa wa kikosi chake. Alikuwa amengoja miaka mingi, na hakuna kitu alichokitamani kama hicho. Kabla ya kumpandisha mtu cheo, wakubwa walitaka kujua nyumba yake ikoje. Ndiyo sababu mama asistanti alikuja. Aliangalia sufuria, akaangalia mtoto wetu, akaniangalia mimi na blauzi yangu iliyokuwa inanipwaya.

"Mama, sema kweli," akaniambia. "Bwana yako anakuletea posho yote?"

Nilitakiwa kusema maneno mawili tu: minye ninakimbia. Lakini nilifikiria atakavyocheka, na jinsi kambi nzima itakavyojua kabla ya saa sita kwamba mke wa Ilunga anafunua magoti yake kando ya reli, na kwamba ile misa ilikuwa uongo. Nikatazama sakafu. Akanishika mkono kwa upole, akaenda zake.

Cheo alipewa mwingine, aliyeingia kazini nyuma ya Ilunga. Mkubwa wake alimwambia mbele ya wenzake kwamba mtu anayemnyima mkewe chakula hawezi kupewa watu wa kuongoza. Alirudi nyumbani akaketi bila kuvua viatu, akaniuliza nilisema nini. Nikamjibu sikusema kitu. Kisha nikamweleza yote, misa, reli na yale makopo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Weye uliona haya ya kukimbia," akasema. "Minye naitwa mwizi wa chakula ya bibi yangu."

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa mama asistanti, chuma changu nimekibeba kichwani watu wote wakiona. Nikamweleza. Nikamwambia nitakimbia mbele yake pale uani akitaka. Alinitazama kwa ile huruma niliyoizoea.

"Rudi nyumbani, mama," akasema. "Tunajua vile wanaume banafundishaka bibi zao kusema."

Nilirudi, na watu wakanicheka njia nzima. Kile kicheko nilichokiogopa hivyo kilikwisha kabla sijafika mlangoni kwangu.

Jioni ile Ilunga alitoa kiti nje, mbele ya nyumba, akaweka sahani juu ya kigoda. "Kula," akaniambia. "Bantu bakuone." Ikawa hivyo kila siku, kwa miaka, nikila mbele ya watu. Hakunipiga kamwe. Alikaa kando akinitazama nikitafuna, naye hajagusa chake. Wapita njia walinisalimu, nami niliwaitikia mdomo umejaa. Nikanenepa tena, presha ikarudi, na mtoto wa pili sikumpata. Ilunga aliacha kazi akiwa mfanyakazi wa kawaida kama alivyoanza. Nilimchukia kwa ajili ya kile kiti, mwanangu, na nilijua sina haki ya kumchukia, na kuishi hivyo ndani ya nyumba moja na mtu kunachosha kuliko mbio zote.

Uzeeni akaugua, akakonda hadi mifupa ya mabega ikaonekana. Majirani walikuja kumsalimu. Walimtazama yeye kitandani, kisha wakanitazama mimi, mnene, nimejaa mlangoni. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama mzee anapata chakula. Na mimi, baada ya yote yale, nilikosa neno tena. Ilunga, ambaye hata kijiko alikuwa hawezi kukishika, aligeuza kichwa juu ya mto.

"Bibi yangu ananilishaka muzuri," akasema. "Ni bugonjwa tu."

Hakungoja aulizwe mara mbili. Alikufa wiki ileile.

Kwa hiyo kimbia, mwanangu. Nyanyua vyuma vyako. Anza polepole, kwa maana mwili unataka miezi, na upunguze uzito kwa ajili ya damu yako, si kwa macho ya watu. Lakini leo, kabla hujalala, mwambie mumeo. Akicheka, mwache acheke. Na siku mtu atakapomsingizia kwa sababu yako, usitazame sakafu. Sema palepale, kwa sababu nilijaribu kusema kesho yake na hakuna aliyenisikia.

Mungu akupe miguu isiyochoka na kifua kizima. Akupe watoto niliowakosa. Na mume wako azeeke akijua kwamba mkewe alimsemea.