Betri Iliyokufa Nyumbani Tu

Miaka ya tisini nilikuwa nachanja watoto, na pikipiki ya kliniki ndiyo iliyonifikisha Masara na vijiji vya nyuma yake, boksi la barafu limefungwa kwenye keria. Betri yake ilikuwa ndogo, ya volti sita, na ikifa ungepiga kiki mpaka goti liume bila kusikia hata kikohozi. Msimu mmoja ikaanza kufa kila asubuhi. Akina mama wanasubiri juani, chanjo inapata joto, na mimi nasukuma chuma mteremkoni nikitukana kimoyomoyo. Kimoyomoyo kwa sababu mama yangu, niliyeishi naye pale Migori, alikuwa mtu wa kanisa.

Fundi wa mjini hata hakuchuchumaa kuitazama. "Madam, hii betri imeisha. Weka ingine tu."

Nikaweka mpya. Ikafa vilevile. Nilimrudia fundi na maneno ambayo sitayaandika hapa, kisha nikaamua kuutafuta ugonjwa mwenyewe.

Nilizima swichi, nikachomoa waya wa hasi, nikaweka balbu ndogo kati ya waya na betri. Kama umeme ungekuwa unavuja mahali, balbu ingewaka, hata kwa kufifia. Haikuwaka. Nikawasha injini na kuvuta mafuta. Taa ya mbele ikang'aa zaidi, maana yake chaji ilikuwa inaingia. Ijumaa nikaiacha kliniki, nikarudi nyumbani kwa miguu. Jumatatu iliwaka kwa kiki ya kwanza. Basi pikipiki ilikuwa nzima. Mgonjwa alikuwa nyumbani kwetu.

Nilipofungua tena kifuniko cha ubavuni niliona vichwa vya betri vimekwaruzwa, vina alama za meno ya vibanio.

Jioni ile niliegesha chini ya dirisha la mama kama kawaida, nikasema naenda kuoga, nikajibanza nyuma ya jiko. Mama akatoka. Akafungua kifuniko, akabana nyaya mbili polepole kama anayefunga kidonda, akazipitisha dirishani na kurudi ndani. Redio yake ilitumia mawe manne, zile betri kavu za dukani. Mawe manne ni volti sita.

Niliingia nimewiva kwa hasira. "Mama! Kumbe ni wewe?"

Aliinua kidole ninyamaze. Redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo kwa Kijaluo: marehemu ni fulani, mwana wa fulani, walio mbali wapate habari. Mama alikuwa ameinama, sikio karibu liguse redio.

Hasira ikaniishia palepale. Mdogo wangu alikuwa ameenda kisiwa cha Remba kuvua mbuta tangu kabla ya mvua, na hatukuwa tumepata hata salamu. Mama hakuwahi kusema ana hofu. Kwetu aliye hai hatajwi pamoja na kifo, maana ni kama kukiita. Angeniomba mawe, ningemuuliza ya kazi gani. Ndiyo maana kila usiku alikuwa akilala na redio ikinong'ona chini ya blanketi, tangazo lisije likarudiwa asilisikie, na alfajiri akizichomoa nyaya kabla sijaamka.

Matangazo yakaisha. Jina halikutajwa. Mama akashusha pumzi, akaniuliza, "Nimeharibu pikipiki?"

"Hapana, mama. Ila redio inasikika vizuri zaidi na mawe yake yenyewe."

Kesho yake nilimletea. Tangu hapo tulisikiliza pamoja kila jioni, na hatukuzungumza lolote juu yake. Mawe yakichoka, mama aliyapanga dirishani juani yapate nguvu tena.

Mdogo wangu alirudi karibu na Krismasi, mweusi kwa jua, na gunia la omena begani. Aliutazama ule mstari wa mawe dirishani, akacheka. "Mama, haya yote ya nini?"

"Nilikuwa napenda muziki," mama alisema, akamshika mkono, na hakuuachia hata alipokuwa akisonga ugali.