Mchoraji Aliyekataa Kutia Jina

Habari ilinikuta dukani, nikinunua mkate. Muuzaji aliniambia kwamba yule mchoraji wa Nguvumali amefariki, na watu ndiyo kwanza wanarudi kutoka kumzika. Nikabaki nimesimama, nimekasirika, wala sijui nimemkasirikia nani. Mkewe alitangulia zamani, binti yake wa pekee ameolewa Maramba, na mimi nilikuwa mmoja wa wachache waliobisha hodi kwake bila kutaka kuchorewa kitu. Nilipofika matangani nikakuta kuta tupu. Mtu amechora umri wake wote, na nyumbani kwake hamna hata picha moja. Zote zilikwisha kuuzwa.

Wasomaji wangu wa siku zote mnajua sina subira na wakaidi, na marehemu alikuwa mkaidi wa upole, na hao ndio wabaya zaidi. Hakutia jina kwenye picha zake. Alisema ni riya, kujionyesha. Nikimkuta anamalizia kazi, namwamkia, "Shikamoo mzee," anaitikia marahaba, halafu tunaanza. "Tia jina, mzee, kazi ijulikane ya nani." Naye bila kuinua macho: "Fundi aliyekushonea hiyo kanzu katia jina lake kifuani kwako?" Nikamwambia kanzu huchakaa ikawa tambara, picha inabaki. Akacheka. "Basi na ibaki. Aliyenipa mkono anajua mkono ni wa nani." Nilikunywa chai yake nikaenda zangu.

Siku chache baada ya matanga, binti yake alinijia nyumbani. Alikuwa akitafuta picha moja tu, ya mama yake. Yule mama alikuwa Mpemba, na marehemu alimchora akiwa ameinama juu ya jamvi, anageuza karafuu juani. Nilikuwepo siku hizo. Mama wa watu alilalamika kiuno, mume akimbembeleza ainame kidogo tena. Mzee aliiuza akijua atachora nyingine. Mke akafa, baadaye mikono ikaanza kutetemeka, na hiyo nyingine haikuchorwa. Binti alikuwa mdogo mno kuikumbuka sura ya mama yake, na picha ya kamera haikupata kuwepo. Aliyekuwa akimwonyesha kwa maneno ni baba, na sasa baba naye ndiye huyo kaondoka.

Tuliulizia mjini mpaka tukaipata, ukumbini mwa nyumba moja ya wageni. Niliitambua kutoka mlangoni. Lakini kwenye kona ya chini palikuwa na jina, safi kabisa, la mtu mwingine. Mwenye nyumba alisema mwenye jina hilo ndiye aliyemuuzia, akijitambulisha kuwa ndiye mchoraji. Binti akamweleza kwa adabu, akamwomba amuuzie. Yule bwana hakuwa mtu mbaya. "Dada, naionea fahari picha hii, siiuzi. Na hilo la baba yako, una chochote cha kuonyesha? Karatasi ya mauzo, picha aliyoipiga kabla haijatoka kwake?" Binti akanitazama mimi. Nikasema nilimwona kwa macho yangu akiichora. "Sikukatalii," akasema, "lakini neno lako na jina lililoandikwa pale, mimi niamini lipi?"

Ndivyo tulivyo huku kwetu. Tunauza picha kama machungwa: likishatoka kapuni, basi. Hatupigi hata picha ya simu kuweka kumbukumbu, hatuandikiani na mnunuzi kwamba kazi hii ni ya fulani, na tukiambiwa tunaona tunafundishwa mambo ya wazungu. Kumbe mwenye tamaa hahitaji kuiba. Anaokota palipoachwa wazi.

Tulipoaga, binti hakutoka. Alirudi hadi pale ukutani, akajifunga vizuri mtandio, akamtazama yule mwanamke aliyeinama juu ya jamvi. Akasema taratibu, "Shikamoo mama." Akangoja kidogo, kama mtu anayengoja kuitikiwa. Kisha tukatoka. Hadi leo nikikaa peke yangu naisikia ile salamu.

Wachoraji mnaonisoma, tieni majina yenu, na muweke ushahidi wa kila kazi kabla haijatoka mlangoni. Msiogope riya. Jina hilo si lenu. Ni la mtoto atakayesimama mbele ya ukuta wa watu akimdai mama yake, na ninyi hampo kumsemea.