Volkswagen ya Bi Rukiya na Gia Nne za Kurudi Nyuma

Bi Rukiya wa Ndia Kuu, mpambaji wa maharusi, alirithi kwa marehemu mumewe vitu viwili: ukaidi, na gari kuukuu la Volkswagen, lile la mgongo wa kobe. Mwaka wa 1994 giaboksi yake ilikufa. Mpya hazikuwa zikiletwa tena, na spea za kuiga alizowahi kuuziwa zilikuwa laini kama halua. Fundi wake, Chirau, akampatia giaboksi kuukuu huko Makupa kwa mwuza spea aitwaye Morgan, aliyeapa kuwa ni ya Volkswagen halali.

Chirau alipomaliza kuifunga, Bi Rukiya akaingia, akatia gia ya kwanza. Gari likarudi nyuma, likagonga pipa. Akatia ya pili. Likarudi nyuma kwa kasi zaidi. Alipotia rivasi, likaenda mbele, polepole, likilia kama mbuzi.

Chirau akajikuna kisogo. "Zote zashika, bibi. Ila zimekosea njia."

"Ifungue."

"Kuifungua na kuifunga ni hadi kesho. Nawe alasiri una bi harusi Majengo."

"Basi twende kwa Morgan hivi hivi. Mbele tuna gia moja, nyuma tunazo nne. Tufuate walio wengi."

Wakaondoka kinyumenyume, Bi Rukiya amegeuza shingo, Chirau amepiga magoti kiti cha nyuma akimwelekeza. "Kushoto, bibi. Sasa punda. Mwache punda apite."

Wanywa kahawa wakasimama barazani. "Sabalkheri, Bi Rukiya. Mbona warudi nyuma?"

"Sabalnuri. Leo sitaki kumpa mtu mgongo."

Wakaona ni adabu, wakaketi.

Kwenye njia ya upande mmoja, askari wa trafiki aliinua mkono, kisha akaushusha. Gari lilikuwa limeelekea alikotaka, lakini lilikuwa likienda asikotaka. Alipokata shauri, lilikuwa limeshapita, na Bi Rukiya alikuwa akimpungia mkono kupitia kioo cha mbele.

Makupa, Morgan alisikiliza mashtaka yote akitafuna njugu.

"Gia zashika, mama?"

"Zashika."

"Zaruka?"

"Haziruki."

"Basi spea ni nzima. Mambo ya mwelekeo hatukuyazungumza."

Bi Rukiya akampa ufunguo. "Lijaribu mwenyewe, mwanangu."

Mbele ya gari palikuwa na barabara. Nyuma yake, mlima wa bampa na milango aliyoipanga Morgan kwa mikono yake. Alikuwa ameambiwa, lakini mkono una mazoea. Akatia ya kwanza, akakanyaga mafuta, na mlima wote ukamporomokea juu ya paa.

Alitoka taratibu, kitasa cha mlango kimenasa kwenye kola ya shati. "Hii ilitoka kwenye Kombi, lile basi dogo la Volkswagen," akakiri. "Kuna gurudumu la meno humo ndani; kwenye gari kama hili ni la kugeuzwa, ama gia zitakwenda kinyume."

Akamwachia Chirau kazi ya kuligeuza, naye akampeleka Bi Rukiya Majengo kwa pikapu yake. Huko, wenyeji wakamdhania Morgan ni mjumbe wa upande wa bwana harusi; wakamketisha barazani, wakamletea pilau, kisha pilau nyingine. Hakukanusha. Bi Rukiya alipomaliza kumpamba bi harusi, alimkuta Morgan amelala kwenye mkeka, akipepewa na shangazi wawili.

Kesho yake adhuhuri Chirau alilirudisha gari Ndia Kuu, likienda mbele kwa gia zote nne. Bi Rukiya akalizungusha mtaani mara moja, akashuka, akasema ni zuri, ila kwa kurudi nyuma limepungua nguvu.