Pampu ya Bwawa Niliyoipima kwa Mayai

Kabla ya samaki nilikuwa mtu wa miwa, na miwa ilinifundisha kutoamini mzani ambao sikuuona. Trela likishapakiwa shambani linaondoka kwenda kiwandani, wewe unabaki na majani makavu, halafu siku moja unaletewa karatasi: tani zako ni hizi. Labda ni kweli. Lakini mimi sikuwa hapo. Basi nilipong'oa miwa ya bondeni nikachimba bwawa, nilijiapia kwamba kitu changu hakitapimwa tena nikiwa siko.

Pampu niliinunua kiangazi, kijito kilipopungua. Alfajiri samaki walikuwa wanapanda juu, midomo wazi, kama kwaya iliyopoteza sauti. Ni hewa waliyokosa. Pampu inavuta maji, inayarusha juu, na yakianguka yanarudi bwawani na hewa. Niliiacha ingurume usiku na mchana, kwa sababu, niseme ukweli, nilipenda kuisikia.

Sasa tokeni ya stima, umeme tunaoulipia kabla, ambayo ilikuwa inatufikisha mwisho wa mwezi, ikaanza kutuacha njiani. Mke wangu hakugomba. Yeye akikasirika huwa na adabu nyingi. Aliniambia amepata mtu wa Ekero wa kuinunua pampu, na atakuja siku ya soko.

"Hiyo kitu yako inakulanga stima kama ng'ombe aliyeingia shamba ya wenyewe," akasema. "Uza, mzee. Samaki tule kabla hawajakufa."

Nikamuuliza ameipima wapi. Akasema tokeni imempimia. Nikaona ni yale yale ya trela.

Pampu ina kibati chenye nambari, na aliyeniuzia alinieleza hesabu yake: unazidisha kwa saa, halafu unagawanya kwa elfu. Shule niliiacha tulipofika kwenye kugawanya. Mwalimu alinipenda, ni kugawanya ndiko kulikonikataa. Kwa hiyo niliamua kupima kishamba. Zima kila kitu, bakisha pampu peke yake, kaa mbele ya mita.

Nilizima taa, redio, televisheni, nikachomoa hata chaja ya simu. Nambari ya mita nikaichora ukutani kwa makaa. Nilikaa hapo kuanzia uji wa asubuhi hadi obusuma, ugali wetu wa mchana, ilipoiva. Zilikuwa zimeliwa karibu yuniti mbili. Na yuniti moja kwetu ni kama bei ya mayai mawili, kwa hiyo mayai manne yalikuwa yamekwenda asubuhi moja. Hamu ya kula ikaniisha. Mke wangu akaniongezea mboga, na hilo ndilo lililoniuma.

Jioni nikaenda kufungia kuku. Chini ya tenga, chini ya gunia, nikaona wekundu unawaka. Taa ya vifaranga! Nyumbani kwetu hakuna anayeihesabu hiyo kama stima. Tunaiita mama yao, na nani anazima mama? Waya wake niliuvuta mimi mwenyewe, na siku hiyo nilikuwa nimeuruka mara nyingi nikienda kuzima vitu vingine.

Vifaranga ni wa mke wangu. Nilijua nikimwambia ataona natafuta wa kusingizia, nikamwambia tu, na akaona hivyo hivyo. Nikamwomba siku moja zaidi kabla ya soko. Vifaranga tungewapasha joto kama mama yangu alivyofanya, kwa chungu cha makaa yaliyofunikwa kwa jivu. Alikubali kwa sharti moja, kwamba yeye ndiye atakaa mbele ya mita. Mimi ndivyo nilivyotaka.

Kesho yake tukazima vyote, na taa ya vifaranga pia, tukakaa wote wawili, yeye akichambua kunde. Nambari ilikawia mpaka nikaogopa pampu imekufa, nikakimbia bondeni. Maji yalikuwa yanaruka vizuri. Obusuma ilipoiva, ilikuwa imekwenda nusu yuniti. Yai moja.

Aliangalia mita, akaangalia tenga.

"Kumbe kuku wangu wanakula mayai kabla hawajayataga," akasema. Halafu akanigeukia. "Na wewe, samaki wako wanapanda juu saa ngapi?"

Nikasema alfajiri.

"Basi mchana inamngurumia nani?"

Tukapatana pampu iwake jogoo wa kwanza akiwika, izimwe jua likigusa maji. Idadi ya saa ni ile ile tuliyopima, yai lile lile moja, na samaki hawapandi tena.

Siku ya soko mtu wa Ekero alifika na gunia la kubebea. Nilijifanya nafunga mgomba, lakini masikio yalikuwa uani.

"Pampu haiuzwi," mke wangu akamwambia. "Kuna taa ya vifaranga, ukitaka."

Mtu yule akauliza hiyo taa inakula stima kiasi gani.

"Ukifika kwako," akamjibu, "kaa mbele ya mita."