Namna Kavutha Alivyombariki Ndeti

Kama umewahi kukosana na Kavutha wa huku Kinanie, pole sana, na nakushauri uhame. Huyo mama hana kelele, na hiyo ndio shida.

Ni mjane wa miaka hamsini na tatu, mzaliwa wa Muthetheni. Alikuja huku kuuzia watu wa viwanda muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe, sufuria moja tu, mpaka akanunua ploti na kujenga vyumba nane vya kukodisha. Hapo ndipo alikutana na pesa ya barabara. Siku hizi ukijenga nyumba mpya, kabla plani ipitishwe unalipa kitu cha kutengeneza barabara, kwa sababu wapangaji wako ndio wataikanyaga. Nyumba kubwa, pesa kubwa. Lakini kama unarepea ya zamani tu, hulipi. Kavutha aliuza maksai wake wawili akalipa yote. Huo mwaka shamba la Muthetheni lililimwa na jembe, na aliyelishika hilo jembe ni yeye.

Jirani yake ni Ndeti, mzee wa kanisa letu. Huyo alijenga ghorofa nne. Kwa ofisi ya kaunti akaandika ati anarepea nyumba ya marehemu baba yake. Akaacha ukuta mmoja wa zamani umesimama hapo mbele, mtu wa ofisi akaja, akauona, akaenda. Wiki iliyofuata ukuta ukaanguka. Sisi wote tuliona wale vijana wakiuangusha na nyundo. Nani angesema? Ndeti ndiye alinunulia kwaya spika.

Basi bila ile ya Ndeti, pesa ya barabara haikutosha, kazi haikuanza. Na huu udongo wetu mweusi ukinyeshewa, hata punda anafikiria mara mbili. Wapangaji wa Kavutha wakahama mmoja mmoja, wakabaki wawili. Mvua ya Novemba ikipata barabara iko hivyo, hao wawili wataenda pia, na yeye arudi kwa sufuria.

Siku moja tulikuwa tunavuka matope, yeye na kikapu, mimi na gunia lake. Ndeti akasimamisha pikapu, akashusha kioo.

"Mama Kavutha, si ungeniuliza kabla ulipe? Hiyo pesa ni ya watu hawana akili."

Akacheka mpaka akakohoa.

"Asante mzee," Kavutha akasema.

Mimi nilikuwa nyuma, niliona vile shingo yake ilikazika. Nikajiambia, huyu mwanaume amekwisha.

Miezi mitatu ikapita. Halafu ghorofa ikaisha. Kwetu nyumba mpya haiingiwi hivi hivi: mchungaji anaiombea, majirani wanakula, mwenyewe anatoa ushuhuda. Kavutha, kama mwenyekiti wa wamama wa kanisa, akamwendea Ndeti. "Mzee, tuje kubariki lini? Kupika tuachie sisi." Ndeti akafurahi kama mtoto, akachinja mbuzi watatu. Kadi moja ya mwaliko Kavutha akampelekea Linet, yule dada anayeshughulika na pesa ya barabara pale ofisini.

Jumamosi hema ikajaa. Ndeti akasimama, akashukuru Mungu kwa maneno machache, akataka kukaa.

"Mzee, hebu tusaidie," Kavutha akasema, amesimama na mwiko. "Kuna watu wanasema tunabariki nyumba ya marehemu. Ati wewe ulipaka rangi tu."

Wamama wakacheka. Aiya! Ndeti akafura kama chapati.

"Nani huyo? Hakuna hata jiwe moja la baba yangu hapa! Msingi nilichimba mwenyewe, futi sita! Yote ni mpya, Mungu ni shahidi!"

"Amina! Ghorofa ngapi, mzee?"

"Nne!"

"Amina! Na vyumba?"

"Thelathini na mbili!"

Hapo nikaona Linet ameacha kutafuna. Akapanguza mikono polepole.

"Hongera mzee," akasema. "Jumatatu nitakuja na tepu tupime."

Hiyo nyama ya mbuzi Ndeti hakuionja.

Kesho yake jioni akaja kwa Kavutha, kofia mkononi, akanikuta hapo.

"Mwaitu, mama yangu, ongea na huyo msichana. Mwambie ilikuwa furaha tu."

"Nimwambie ulidanganya ofisi, ama ulidanganya mbele ya mchungaji? Chagua moja, nitaifikisha vile ilivyo."

Ndeti akaangalia chini. Akaangalia mimi. Mimi nikaangalia kuku.

"Na wewe unajiita Mkristo?"

"Najiita. Na usimame kando ya mlango mzee, unaniwekea matope."

Ndeti alilipa pesa ya barabara Jumatano, pamoja na faini. Pikapu iliuzwa kwa mtu wa Masii. Wiki ya tatu ya Oktoba tingatinga ikafika, na sisi wote tukatoka kushangilia, hata wale wapangaji wawili. Kavutha akatoa kiti nje, akakigeuza, akakaa. Watu wote walikuwa wanaangalia barabara. Yeye aliangalia dirisha la Ndeti, mpaka pazia likafungwa.