Vali ya Tuba Kwapani

Jamani, leo saluti nusura initoe roho.

Springi za vali za tuba yangu, lile tarumbeta kubwa, zilikufa. Nikaweka vibonge vya mpira badala yake, nikazipaka vali mafuta ya nazi. Mjini Morogoro zikadunda safi!

Leo bendi yetu ya askari wa Wajerumani imepanda Mgeta kumpigia mkubwa kutoka Dar es Salaam.

Nabonyeza vali. Hairudi.

Kobelo, mpiga ngoma, mtoto wa huku huku milimani, akacheka. "Mafuta ya nazi na baridi hii? Yameganda, kaka!"

Tukazichomoa vali zote tatu. Moja kwapani kwake, mbili kwangu, zipate joto.

Mara afande wetu Mjerumani huyo, kiboko mkononi.

Saluti!

Usipoinua mkono, hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Nikainua.

Vali ikadondoka mpaka kwenye buti lake.

Akaiokota. Akainusa. Akaangalia njiani, mkubwa anakaribia. Tuba ikinyamaza, anayeumbuka ni yeye.

Akaibana kwapani kwake. Kwapa la kulia, la mkono wa saluti!

Sijapumua vizuri, mkubwa kasimama mbele yetu, anasubiri saluti.

Mjerumani wetu akanigeukia, jasho linamtoka na baridi yote ile.

Nyie mngekuwa yeye, mngeinua?