Nilimkataza mama kumwagia fensi ya ndovu maji, nikajionea

Wakuu, hamjambo huko mliko? Haya sikuhadithiwa. Aliyeaibika ni mimi mwenyewe, kwa hivyo sina haja ya kuongeza chumvi.

Nilikuwa fourth year, electrical engineering, hapa Voi.

Project yangu ilikuwa fensi ya stima ya kuzuia ndovu, na kifaa cha kunitumia SMS nguvu ya shoti ikishuka. Supervisor alinitafutia shamba la kujaribia nje ya mji, kwa Mama Mghoi, mjane. Msimu uliotangulia ndovu walimlia ndengu zote. Safari hii alinitegemea mimi.

Tulifunga fensi wakati wa mvua. Ikapiga vizuri sana, nikajiona profesa.

Mvua ilipokatika, kila nikienda nakuta pale nilipopigilia ardhini vyuma vya earth vya fensi pamelowa. Kumbe Mama Mghoi humwaga hapo maji ya vyombo kila jioni!

Nikamwambia, kwa ule upole wetu wa kisomi, "Mama, maji na stima hazipatani. Tafadhali wacha."

"Mimi naona nikimwaga ndio inauma," akasema. "Lakini wewe ndio injinia."

Akaacha.

Siku ya nne SMS zikaanza kumiminika. Nguvu imeshuka. Nguvu imeshuka. Mimi nikaamua sensor ndiyo mbovu, nikakaa lab siku mbili na-debug code. (Chekeni tu.)

Asubuhi ya tatu Mama akapiga simu. "Kuja uone vile wageni wako wamekula."

Kona nzima ya ndengu ilikuwa imelala chini, nyayo kubwa kama karai. Niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama, nikamwambia pole nikiangalia zile nyayo.

Wakuu, somo la earthing nilipata A. Ndovu akigusa waya, stima hupita mwilini mwake, ikashuka ardhini, kisha ikarudi kwenye mashine ya fensi kupitia vile vyuma. Udongo wa Voi ukikauka, njia hiyo inakatika. Mama alikuwa akiifungua kwa sufuria ya maji machafu.

Nikamwaga ndoo nzima mwenyewe, nikapima. Mita ikaruka. Nikakaa chini palepale. Mtu aliiona kwa macho tu, mimi nimeisomea miaka minne sikuiona.

Tukaongeza vyuma virefu zaidi, na waya wa kurudisha stima kandokando ya fensi. Maji pia Mama akaendelea kumwaga.

Wiki iliyofuata, jua bado liko juu ya vilima, ndovu dume akaja. Alinyoosha mkonga polepole, akagusa. Ule mlio niliusikia kifuani! Akageuka, mwili wote ule, akarudi mbugani.

Ndengu zilizobaki Mama alizivuna zote. Siku hiyo nikaanza tena kumwomba msamaha kwa ile kona.

"Pole ya pili ni ya nini?" akanikatiza. "Ya kwanza nilisikia. Shika gunia."

Nikashika.

Nilichojifunza: ukikuta mtu anafanya jambo usilolielewa, muulize sababu kabla hujamkataza. Mimi nilikataza kwanza, na hasara akaibeba yeye.

Kuna mwingine hapa aliyefunzwa kazi yake na mtu asiye na cheti? Semeni, nisiwe peke yangu kwa hii aibu.